Isaka Aliuliza, Akadanganywa

Fungueni Mwanzo sura ya 27, na asiyeona maandishi asomewe na aliye karibu naye. Asomewe yote, asifupishiwe.

Tunamkuta mzee Isaka, mwana wa ahadi, mtu wa visima na mifugo, macho yake yamefifia hata haoni. Nyumba nzima inajua. Mkewe anajua, wanawe wanajua, na tayari mmoja, Yakobo, amevishwa nguo za kaka yake na ngozi za wana-mbuzi mikononi na shingoni, akasukumwa ndani na sahani ya nyama. Mzee akauliza ni nani. Akajibiwa uongo. Akashangaa nyama imepatikanaje upesi hivyo. Akajibiwa uongo, tena kwa jina la Mungu. Akapapasa mikono, akasikia sauti ya mwingine, akauliza tena. Akajibiwa uongo mara ya tatu! Mzee yule hakuwa mjinga, ndugu zangu. Alitumia masikio, vidole na pua. Alichokosa ni mtu mmoja wa kumwambia kweli.

Ngozi ya mbuzi ingalipo majumbani mwetu. Bibi amempa mjukuu simu na namba ya siri amtolee pesa, mjukuu anatoa elfu hamsini na kumwambia bibi zimetoka arobaini. Baba amewekewa karatasi mbele yake, ameambiwa ni fomu ya matibabu, akatia dole gumba, na kumbe ameuza shamba. Muuza duka anarudisha chenji ya noti ya elfu tano kwa mtu aliyetoa elfu kumi. Nanyi mnaofanya hivi mnakuja Jumapili mnainua mikono! Torati ilikataza kumwekea kipofu kikwazo, na ilimlaani ampotezaye njia. Yakobo mwenyewe alivuna alichopanda: usiku wa arusi yake, gizani, alipewa Lea badala ya Raheli, na uzeeni wanawe walimletea kanzu ya Yusufu ndugu yao iliyochovywa katika damu. Damu ya mbuzi.

Sasa nageuka kwako wewe unayefifia macho na kunyamaza.

Unaacha kusoma somo kanisani, unasingizia koo. Unamwachia mwanao uzi na sindano, unasema umechoka. Umejikwaa kwenye benchi lilelile kila wiki, unamlaumu anayepanga mabenchi. Wengine wenu mna presha ya macho, glakoma, na hamjui. Maji ya ndani ya jicho hushindwa kutoka vizuri, shinikizo hupanda, mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo huliwa taratibu. Aina iliyo ya kawaida haiumi. Huanzia pembeni, hivyo mtu anasoma Biblia yake vizuri huku hamwoni aliyekaa kulia kwake. Sisi Waafrika hutupata zaidi na mapema, na mtu ambaye mzazi au ndugu yake wa tumbo moja anayo yuko hatarini zaidi. Sehemu ya uoni iliyokwisha kupotea hairudi. Matone na upasuaji hulinda iliyobaki, na ndiyo maana kila mwezi wa kunyamaza una gharama yake. Mtoto wa jicho ni habari nyingine kabisa: lenzi iliyoingia ukungu hutolewa, ikawekwa ya bandia, na mara nyingi mtu huona tena. Ni nani atakayekuambia una ipi kati ya hizo, kama hutaki hata kupimwa? Hospitali ya CCBRT pale Dar es Salaam wanapima. Hospitali ya KCMC Moshi wanapima. Usiende dukani kuchukua matone ya kuondoa wekundu kwa kubahatisha. Yenye dawa za jamii ya steroidi, kama deksamethasoni, yakitumika muda mrefu bila daktari yanaweza yenyewe kupandisha presha hiyo.

Na wewe dereva, nakusihi kwa rehema za Mungu. Kama huoni pembeni, shusha abiria. Najua ada za shule zinakusubiri. Mwambie tajiri wako kweli, omba kazi nyingine hapohapo, ya kusimamia mizigo, ya kufundisha vijana, ya kupokea simu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 hapa Tanzania inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea awe na wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3, kwa hiyo unapoomba huombi sadaka. Fundi cherehani, vidole vyako bado vinajua kitambaa. Mpe mwanafunzi sindano, wewe baki na vipimo na wateja. Simu ya mkononi siku hizi husoma meseji kwa sauti. Jifunze kuitumia sasa, ungali unaiona.

Hali kadhalika Neno: liweke moyoni mapema. Fanny Crosby, Mmarekani aliyezaliwa 1820 na kupoteza macho akiwa mchanga, alikariri vitabu vizima vya Biblia utotoni, akatunga maelfu ya nyimbo za dini, na baadhi yake tunaziimba katika Tenzi za Rohoni bila kujua mtunzi hakuwa akiona.

Wapo wanaosimama madhabahuni na kuamuru watu watupe matone ili kuonyesha imani. Nawapinga waziwazi. Yesu alipomponya yule aliyezaliwa kipofu alimpaka tope na kumtuma akanawe Siloamu. Yule mtu alitii, akatembea, akanawa. Omba, kisha tia dawa kwa saa yake. Na wanafunzi walipotafuta nani ametenda dhambi, huyu au wazazi wake, Bwana alikataa swali lenyewe. Sisi tumeling'ang'ania! Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa miaka mingi jikoni, wakaitwa wachawi. Kanisa lisilokemea hilo lina damu mlangoni.

Fungueni sasa sura ya 48. Yakobo yuleyule, mzee, kitandani, macho mazito kwa uzee. Wanaletwa vijana wawili mbele yake naye anauliza, kama baba yake alivyouliza: hawa ni nani? Yusufu akamjibu kweli. Ni wanangu. Hakuna ngozi, hakuna nguo ya kuazima. Akawasogeza karibu, mkubwa upande wa kuume wa babu yao. Mzee akapishanisha mikono, wa kuume juu ya Efraimu aliye mdogo. Yusufu akadhani baba amekosea, akataka kuuhamisha. Baba akakataa: anajua anachofanya! Asiyeona ndiye aliyekuwa anaona, na mwanawe mwenye macho akarekebishwa.

Kwa hiyo wewe uliyevuka miaka 40, wiki hii nenda ukapimwe presha ya macho, na ukikutwa nayo wapeleke ndugu zako na watoto wako. Mwambie mkeo, mwambie mumeo, leo kabla ya kulala. Nawe uliye na mzazi asiyeona, msomee kila karatasi mpaka mstari wa mwisho kabla hajatia dole, mhesabie fedha zake mkononi noti kwa noti, na akiuliza nani ameingia, taja jina lako.