Njiwa, Basi na Nadharia ya Kicheko
Katika *Leviathan* (1651), mwanafalsafa Mwingereza Thomas Hobbes alieleza kicheko kuwa fahari ya ghafla ya mtu anayejiona bora kuliko mwenzake, na maelezo hayo, yaitwayo nadharia ya ubora, hukutana na mtihani mgumu katika kitabu cha picha cha Mmarekani Mo Willems (2003), ambamo dereva wa basi anaondoka kwa muda na kumwomba msomaji asimruhusu njiwa kuliendesha. Njiwa anabembeleza, anaahidi, anajaribu hata kuhonga, kisha anafoka. Na mtoto, ambaye kutwa hukatazwa, sasa ndiye mkatazaji. Hadi hapo Hobbes yu sahihi. Lakini mzazi anayesoma kwa sauti, akiigiza vilio hivyo kwa mara ya ishirini (maana mtoto hakubali kusomewa mara moja), anacheka nini? Hobbes alikubali kwamba mtu huweza kuucheka udhaifu wake wa zamani. Hila za njiwa, hata hivyo, mzazi anazitambua kuwa zake za leo, kazini na nyumbani. Kicheko cha namna hiyo, kisicho na wa kudharauliwa, nadharia ya ubora haikielezi.