Kibonge ulingoni: unakwenda kumpiga nani?



Wapendwa vijana, nikiwa likizo nyumbani Gungu, hapa Kigoma, kuna swali ambalo vijana huniuliza pembeni, baada ya Misa, watu wakishatawanyika. "Frateri, mimi ni mnene, pumzi sina, lakini natamani kujifunza ngumi. Ni dhambi?" Mwingine anataja karate, mwingine judo. Swali linaonekana dogo, lakini ndani yake yamo mawili. La kwanza: je, Mkristo anaruhusiwa kumpiga mwenzake, hata kwa mchezo? La pili halisemwi kwa sauti: je, mtu mwenye mwili kama wangu ana haki ya kuingia pale bila kuwa kichekesho?

Tuanze na lile la kwanza. Kanisa halikwepi jambo hili. Tarehe 1 Juni 2018 Vatikani ilitoa hati nzima kuhusu michezo, na ndani yake inasema wazi kwamba mchezo ambao lazima uuumize vibaya mwili wa mwanadamu hauwezi kuhalalishwa kimaadili. Kabla ya hapo, mwaka 2005, jarida la Wajesuiti La Civiltà Cattolica lilizilaani vikali ngumi za kulipwa. Hoja si ngumu kuielewa. Kumwangusha mtu kwa "knockout" ni kuutikisa ubongo wake mpaka uzime kwa muda, na pale ndipo ukumbi mzima unapolipuka kwa shangwe. Mimi binafsi nikitazama mapambano ya namna hiyo dhamiri hainipi raha, na sitajifanya inanipa.

Lakini anayeniuliza pembeni ya kanisa hatafuti mkanda wa ubingwa. Anataka kupiga begi, kujifunza kukwepa, kushindana kidogo na mwenzake wakiwa wamevaa glavu nene na kinga ya kichwa. Katika falsafa ya maadili tunafundishwa kuuliza: tendo lenyewe ni nini, na nia ni ipi? Kumvunja mtu ni tendo moja. Kujifunza pamoja na mtu ni tendo lingine, hata kama kwa mbali mikono inaonekana kufanya kitu kilekile. Kanō Jigorō, Mjapani aliyeanzisha judo mwaka 1882, aliweka kati ya misingi ya mchezo wake kwamba wote wawili wanaoshikana wafaidike. Nipende kulisema hivi: mwenzako wa mazoezi amekuazima mwili wake. Ukimaliza, mrudishie ukiwa mzima. Ukiingia na nia hiyo, sioni dhambi.

Sasa tuje kwenye nia, maana hapo ndipo penye kazi. Ndugu yangu, unakwenda kumpiga nani?

Wapo wanaokwenda kumpiga mtu fulani. Kuna yule aliyekuita "bonge" tangu darasa la tatu, akakusukuma mbele ya wasichana, na wewe unahesabu siku. Katekisimu inaturuhusu kujilinda, na kulinda wengine wakati mwingine ni wajibu. Lakini kujilinda hakuna jina la mtu wala tarehe. Ukiona ngumi yako tayari ina jina la mtu, hicho ni kisasi kinachosubiri kupata pumzi. Mtume Paulo anatuambia tumwachie Mungu kisasi (Rum 12:19). Nenda kwanza kaongee na padre, ndipo uje kwenye begi.

Wapo wengine, na hawa ni wengi kuliko tunavyodhani, wanaokwenda kujipiga wenyewe. Hawamchukii mtu, wanauchukia mwili wao. Wanajitazama kwenye kioo kama mtu anavyomtazama mdeni wake. Mazoezi kwao ni adhabu, na wanapenda yaume, kwa sababu wanaamini wanastahili maumivu. Na hapo wanamtaja Mtume Paulo: si yeye aliyesema anautesa mwili wake?

Tumsome vizuri. Katika 1 Kor 9:26-27 Paulo anajifananisha na mpiganaji ngumi asiyepiga hewa. Wakorintho walimwelewa haraka, kwa sababu karibu na mji wao ndipo ilipofanyika michezo ya Isthmia, kila baada ya miaka miwili. Neno la Kigiriki alilolitumia, hypōpiazō, asili yake ni kumpiga mtu chini ya jicho. Ni neno kali, kweli. Lakini soma barua hiyohiyo, sura tatu nyuma (6:19): mwili huo ni hekalu la Roho Mtakatifu. Mwandishi ni mmoja na barua ni moja. Kwa hiyo huwezi kuchukua sura ya tisa ukaiacha ya sita. Paulo anauongoza mwili ili umtumikie Mungu, haufukuzi nyumbani. Mtakatifu Fransisko wa Asizi aliuita mwili wake ndugu punda, na mapokeo yanasimulia kwamba alipokaribia kufa aliuomba msamaha kwa jinsi alivyoufanyia ukali. Kama mtakatifu yule aliona haja ya kuomba radhi, wewe na mimi tuwe waangalifu. Punda anayepigwa kila siku hafiki mbali.

Basi mwili unafundishwaje? Hapa namkumbuka Aristotle. Wengi wanajua kwamba kwake wema uko kati ya kuzidisha na kupunguza. Wachache wanakumbuka mfano alioutoa, na mfano wenyewe ni wa wanamichezo. Tuseme vipimo kumi vya chakula ni vingi mno na viwili ni vichache mno. Kocha mwenye akili hatampa kila mtu sita, eti ndiyo katikati ya hesabu. Kwa Milo, mwanamieleka aliyeshinda Olimpiki mara sita, sita ni vichache. Kwa anayeanza, sita ni vingi. Katikati ya kweli hupimwa kwa mtu mwenyewe.

Mimi nina kilo 104. Likizo hii nimejiunga na vijana wanaofanya mazoezi hapa mtaani; begi letu ni gunia lililojazwa vitambaa, limening'inizwa kwenye mwembe. Raundi ni dakika tatu, lakini sekunde ya arobaini mimi pumzi imekata na mikono imeshuka. Siku ya kwanza wenzangu waliruka kamba. Kocha akaniambia, "Frateri, wewe leo tembea tu, magoti yako yana mzigo." Nikatembea kushuka kuelekea ziwani, nikapanda kurudi, na kupanda kwenyewe kulinitosha. Yule kocha hajasoma Aristotle, lakini alinipa kipimo changu, hakunipa cha Milo. Nakushauri hivyohivyo: kapime kwanza presha na sukari, anza kwa kutembea, jifunze kusimama na kukunja ngumi, na usikubali mtu akuingize kwenye pambano la mazoezi kabla hujajua kujikinga. Bandu bandu huisha gogo.

Kinabaki kile cha aibu. Watoto watacheka. Kuna atakayekuita Mandonga. Sawa, lakini mtazame Karim Mandonga mwenyewe: ameshindwa mbele ya taifa zima, akachekwa kwenye kila simu, akarudi ulingoni, na Januari 2023 akashinda Nairobi dhidi ya Daniel Wanyonyi. Nimeshasema wasiwasi wangu kuhusu ngumi za kulipwa. Bado naheshimu mtu anayekubali kuchekwa na asiache kazi yake.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha kwamba tendo kuu la ushujaa si kushambulia. Ni kustahimili, kusimama imara katika jambo gumu. Kwa kipimo hicho, kibonge anayerudi uwanjani Jumatano baada ya kuchekwa Jumatatu amefanya tendo la kishujaa kabla hajarusha ngumi hata moja. Na anayeanza judo hafundishwi kwanza kumwangusha mtu. Anafundishwa kuanguka, ili asivunjike na aweze kusimama tena. Sisi Wakatoliki somo hilo tunalijua. Ndiyo maana kuna foleni kwenye kiti cha maungamo.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: kajifunze. Usiende kwa ajili ya adui, wala usiende kuuadhibu mwili ambao Mungu aliutazama akaona ni mwema. Nenda kama mwanafunzi, na mwanafunzi haoni aibu kutokujua.

Ya kutafakari wiki hii:

1. Ngumi yangu ina jina la mtu? Ni nani, na nimemwombea lini?
2. Ninapojitazama kwenye kioo, ninauambia nini mwili wangu? Ningethubutu kumwambia rafiki yangu maneno hayo?
3. Nani mtaani kwetu anachekwa kwa mwili wake, na mimi nimekuwa upande gani?

Tuombe: Bwana Yesu, uliutwaa mwili kama wetu, ukachoka, ukaanguka njiani na msalaba, ukainuka. Utufundishe kuutunza mwili uliotupa, kumheshimu mwenzetu tunayeshindana naye, na kuanza upya bila aibu. Amina.

Tuombeane.