Cheti cha Aliyetoroka

Kazi ya kujinasua ina sharti moja la ajabu: mwenye kazi hali mpaka afungwe kwanza. Wacheza mazingaombwe waliokuwa wakizunguka mashuleni walilijua hilo. Kabla ya onyesho walimwita mtu mzima mwenye mikono migumu kutoka kwa watazamaji, akaze kamba mwenyewe mpaka aridhike. Mwanafunzi aliyetoa shilingi zake hakuja kumtazama mtu huru, maana hao aliwaacha tele nyumbani. Alikuja kumwona mtu aliyefungwa barabara.

Aliyeikuza kazi hii kuliko wote ni Harry Houdini, mtoto wa rabi, aliyezaliwa Budapest mwaka 1874 kwa jina la Erik Weisz na kukulia Marekani. Akifika mji mgeni alipenda kuanzia kituo cha polisi. Alivuliwa nguo, akapekuliwa, akatiwa pingu na kufungiwa mahabusu. Akishatoka, mkuu wa kituo alimwandikia cheti na kukitia saini, na cheti kile ndicho kilichojaza ukumbi jioni. Inasimuliwa pia kwamba mara nyingine alikuwa ameshafunguka zamani nyuma ya pazia, akakaa kitako akisoma gazeti huku watu wakizidi kutoka jasho. Siwezi kuapa kwamba ilikuwa hivyo, lakini inaafikiana na tabia ya biashara yenyewe. Anayefunguka upesi mno huwapunja waliolipa.

Tukio moja la Januari 1906 linanisumbua zaidi. Houdini alifungiwa katika jela ya Washington, kwenye seli iliyowahi kumhifadhi Guiteau, muuaji wa Rais Garfield. Alifungua mlango wake, kisha akafungua na milango ya wafungwa wengine waliokuwa kwenye ushoroba uleule, akawahamisha, huyu katika seli ya yule na yule katika seli ya huyu, akaifunga tena. Magazeti yalicheka sana. Hebu fikiria lakini mambo yalivyokuwa kwa mfungwa. Mlango umefunguliwa, umetoka, umepiga hatua kadhaa, na umefungiwa upya na mtu anayejulikana dunia nzima kwa kuvunja minyororo.

Naandika nikiwa Wazo, jirani na kiwanda cha saruji kilichoanza kazi mwaka 1966 na ambacho saruji yake imo katika kuta nyingi za jiji hili la Dar es Salaam. Huku kwetu, kuanzia Tegeta hadi Salasala, mtu akipata hela husimamisha ukuta, kisha geti, kisha nondo madirishani, kisha kufuli juu ya kufuli. Hakuna anayejiita mfungwa, kwa sababu ufunguo anao. Jibu la kwanza linalokuja akilini kuhusu uhuru basi ni hilo: aliye huru ni mwenye ufunguo. Houdini angekubali haraka, maana ufunguo, au kiwaya cha kufanya kazi yake, mara nyingi alikuwa ameuficha mahali.

Jibu hilo linavunjika ukivuka jiji hadi Temeke. Mwaka 1983, watuhumiwa wawili wa njama ya kumpindua Mwalimu Nyerere walitoroka gereza la Keko na kuingia Kenya. Mmoja wao alikuwa Hatibu Gandhi, maarufu kwa jina la Hatty McGhee. Upande wa pili, Hezekiah Ochuka na mwenzake Pancras Oteyo Okumu walikuwa wamekimbilia Tanzania kwa ndege ya jeshi baada ya mapinduzi yao ya Agosti 1982 kushindwa Nairobi. Kila upande ukawa na watoro wa mwenzake. Novemba 1983 mpaka uliokuwa umefungwa tangu 1977 ulifunguliwa, na serikali mbili zikarudishiana watu. McGhee alihukumiwa kifungo cha maisha. Ochuka alinyongwa mwaka 1987.

Sitetei walichokusudia. Ninachotazama ni namna walivyorudi. Hakuna kufuli lililowarudisha, kufuli walishalishinda. Walirudishwa na makubaliano ya watu waliokaa mezani. Kwa hiyo ufunguo hautoshi. Anayetoka lazima awe na pa kufikia, na wa kumpokea huko asiyeweza kumtoa kama chenji.

Nalo hilo halitoshi. Katika karne ya 19 watumwa waliotoroka mashamba ya pwani, watoro, walianzisha vijiji vyao, kama Fuladoyo, na wengine wengi wakajificha misheni ya Rabai, karibu na Mombasa. Walilima na kuzaa watoto huko. Wenye mali wakadai watu wao. Mwishoni mwa 1888, George Mackenzie wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki aliwalipa mabwana fidia, na siku ya mwaka mpya wa 1889 watoro zaidi ya 1,400 wakapewa vyeti vya uhuru.

Ukisoma haraka utasema uhuru wao ulianza siku ile, kama zawadi ya kampuni. Nakataa. Mtu aliyekwisha kuvuna mahindi yake misimu kadhaa hangoji karatasi imwambie yeye ni nani. Isitoshe, zile fedha zililipwa kwa kitu ambacho mabwana walishakipoteza kwa miguu ya watoro wenyewe. Bila kutoroka, Mackenzie asingekuwa na cha kulipia. Lakini siwezi pia kusema cheti kilikuwa bure. Bila hicho, kila msafara uliopita Rabai ungeweza kuwa na mtu wa kukukamata. Nadhani kazi yake ilimlenga mtu mwingine kabisa. Mtoro alikuwa ameshajifungua. Cheti kilikuja kumfunga bwana mikono.

Hapo ndipo vyeti vya Houdini vinapoonekana vyepesi. Alivikusanya vingi, vyenye saini za wakuu wa polisi, na hakuna hata kimoja kilichomzuia askari kufanya lolote. Jioni Houdini alikwenda ukumbini, na seli aliyotoka ikapokea mtu mwingine, asiye na onyesho.