Ngitili ya Mgeni

Wazee wetu wa Usukuma hawakuwaachia ng'ombe malisho yote. Mvua zilipoanza, sehemu ya nyika ilifungwa, nyasi zikaachwa zikue hadi kiangazi. Sehemu hiyo huitwa ngitili. Ukame ulipokaza, walioingizwa kwanza ni ndama, ng'ombe wagonjwa na maksai wa kulimia.

Mwaka 2017 mwanafunzi wangu wa zamani alikuja nyumbani kuniomba ushauri. Je, auze ng'ombe wake na shamba alilorithi, anunue gari la kupeleka watalii Serengeti? Nikamwambia, "Uza. Utalii ni ng'ombe asiyekufa kwa ukame."

Korona ikaja. Wageni walioingia nchini mwaka 2019 walizidi milioni 1.5, mwaka 2020 walikuwa takriban 620,000. Gari likapandishwa juu ya mawe. Kijana akaenda Geita, akashuka katika mashimo ya wachimbaji wadogo. Alirudi mzima, lakini si wote aliokwenda nao waliorudi.

Ndugu msomaji, kosa lilikuwa la nani? Wengi watasema si la mtu, ni ugonjwa tu. Mimi nasema ukame hauna mwenye kosa, lakini njaa yaweza kuwa naye. Mimi nilimfundisha kijana yule kufungulia nyika yote.

Tunaposema utalii endelevu, twafikiri habari za miti na wanyama. Ni vema. Lakini mtu anayewaonyesha wageni wanyama hao naye adumu. Fedha ya mgeni ni mvua: huja kwa msimu, wala haiji kwa amri yetu. Basi sehemu yake ifungwe wakati wa neema, shamba lisiuzwe, na wenyeji nao wazoezwe kutembelea nchi yao. Kisiwa cha Rubondo, kilicho mkoani Geita, ni hifadhi ya taifa tangu 1977. Miaka yote niliyokuwa mkuu wa chuo cha ualimu sikuwapeleka wanachuo wangu huko hata mara moja.

Yuko atakayeuliza: maskini ataweka akiba gani? Namjibu kwa Shinyanga yenyewe. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilizosalia zilikuwa kama hekta 600 tu. Baada ya miaka isiyofika ishirini zilizidi hekta 300,000. Waliozifunga walikuwa wakulima na wafugaji wa kawaida, kwa sheria walizokubaliana vijijini.

Hata hivyo, mzigo haulingani. Mwenye hoteli aliyevuna sana wakati wa neema ana deni kubwa kuliko dereva na mpishi wake. Shida ikija, asiwafukuze wao kwanza. Ngitili huwafungulia wanyonge kabla ya wenye nguvu.

Mwanafunzi wangu analo gari tena. Safari hii alianza kwa kulikomboa shamba la baba yake, kisha ndipo akanunua gari. Hakuja kuniuliza, nami nilifurahi.