Namba Iliyo Shingoni mwa Pikipiki

Masomo: Nehemia 2, 11–16, Luka 19, 1–10



Nehemia alipofika Yerusalemu hakuanza kwa kuita watu wala kwa kupiga ngoma. Alikaa siku tatu kimya. Kisha usiku akaondoka na watu wachache, yeye peke yake amepanda mnyama, akauzunguka ukuta. Akatazama malango yaliyoteketea kwa moto, hata akafika pahali ambapo mnyama wake hakupata njia ya kupita. Wakubwa wa mji hawakujua lo lote. Baadaye ukuta ukamalizika kwa siku 52, na sisi wahubiri tunapenda sana kuzisema zile siku 52. Leo tukae kwenye ule usiku, maana ndugu zetu wanaofufua pikipiki za zamani nyuma ya nyumba zao wanaujua usiku ule kuliko sisi.

Pikipiki zenyewe mnazijua. Ni zile Yamaha AG 100 za mipigo miwili, zenye karia mbele na nyuma, mnyororo umefungiwa ndani ya kifuniko usiingie matope, na mguu wa kusimamia kila upande. Zilitengenezwa kwa watu wa mashamba, na huku kwetu zilibeba wauguzi, makatekista na dawa. Siku hizi nyingi zimelala chini ya paa la jiko na kuku anataga juu ya kiti.

Kijana akiipata moja kwa bei ndogo, mara nyingi anaanza na rangi. Tangi anapaka nyekundu, jina la Yesu anaandika kwa herufi kubwa, anaweka kiti kirefu na vyuma vya kukinga miguu, halafu anaondoa vyuma vya ndani vya ekzosi ili asikike mpaka mtaa wa tatu. Mafundi watu wazima wanamcheka. Moteri ya mipigo miwili inapumua kwa msaada wa ekzosi yake. Ukiiharibu unapata kelele, lakini mlimani nguvu zimekwisha. Na freni je? Hajazifungua hata kuzitazama. Basi jina la Yesu linateremka mlima bila freni, na nyuma amekaa mama mwenye mtoto mgongoni. Mimi siogopi kusema kwamba hiyo ni dhambi, hata kama rangi inapendeza.

Fundi wa kweli anafungua kwanza. Mara nyingi anakuta pistoni imeshikana na silinda kwa kutu, kiki haishuki hata kidogo. Hapo haraka inaharibu: ukipiga kwa nyundo unapasua pistoni au unapinda bieli. Yeye anatoa buji, anamimina mafuta mepesi katika tundu lake, anafunika, anakwenda kulala. Kesho anajaribu kwa mkono. Haisogei. Anaongeza mafuta. Siku ya nne, au ya kumi, inasogea unene wa ukucha, na mimi nimemwona mtu mzima akitoa machozi kwa ajili ya ule unene wa ukucha. (Baraza la wazee linalompokea ndugu aliyeacha ibada miaka mingi likumbuke jambo hili kabla ya kushika nyundo.) Baada ya hapo kazi ni ndefu lakini inajulikana: tangi lenye kutu anatia kokoto na kulitikisa, silinda iliyolika inachongwa na kuwekwa pistoni kubwa zaidi kidogo, magurudumu yanafungwa waya mmoja mmoja.

Karibu kila kitu kinaweza kubadilishwa. Kuna kitu kimoja ambacho fundi hakigusi. Ni namba iliyogongwa katika chuma, shingoni mwa shasi, pale gidoni inapozungukia.

Tangu uporaji wa 1991 na wa 1993, kisha vita vya 1996 na vya 1998, pikipiki nyingi za misheni na za zahanati zilibadilisha mikono bila karatasi. Mtu mmoja alileta ya namna hiyo kwa fundi wa parokia yetu. Alitaka pistoni mpya, magurudumu, rangi nyeusi, na namba nyingine ya kugonga. Akaacha nusu ya pesa mezani. Fundi wetu, kabla hajagusa bolti hata moja, akangoja usiku, akachukua tochi, akaitazama shingo. Ilikuwa imesagwa kwa tupa. Asubuhi akazifunga zile pesa katika karatasi na kuzirudisha. Hakupiga kelele. Alisema tu: lete hati zake, nitaitengeneza.

Yule mtu hakurudi. Alipata fundi mwingine, na pikipiki leo inatembea mjini, nyeusi, inang'aa. Binti wa fundi wetu, aliye sekondari, amekaa nyumbani wiki mbili kwa kukosa pesa ya shule. Jioni mke wake akamwuliza: Baba, pikipiki yenyewe imetengenezwa, wewe umezuia nini?

Mama huyu anauliza haki yake, na kumwambia tu kwamba Mungu atalipa ni kumkimbia. Mimi ninamtazama Zakayo. Siku ile alipompokea Bwana nyumbani kwake, hakusema kwamba yeye sasa ni mtu mpya na ya zamani yamefutika. Alisema atawarudishia aliowadhulumu mara nne. Kwa hiyo kila mtu wa Yeriko aliweza kumwendea kwa jina lake lile lile na kudai. Anayefuta namba anamfungia mwenye mali njia hiyo. Mahali fulani yupo mtu ambaye bado anaijua ile namba kwa kichwa, na siku akiiona pikipiki ikipita hataitambua. Mama, hilo ndilo mume wako alilolikataa. Mkono uliomzibia yule mtu njia haukuwa mkono wa nyumba yako.

Habari hii iliposimuliwa Jumapili, watu walipiga makofi. Makofi hayalipi shule. Tena kati yetu wapo wanaopeleka pikipiki zao kwa yule fundi asiyeuliza hati, kwa sababu ni rahisi kidogo, halafu wanakuja kumsifu huyu kanisani.

Nyuma ya nyumba ya mchungaji iko AG ya parokia. Hati zake zipo, na namba inasomeka ukiondoa vumbi. Ipelekwe kwake juma hili, alipwe kutoka sadaka ya kazi, kwa bei atakayoitaja mwenyewe, bila kumwomba punguzo la ndugu. Aanze na freni, kisha moteri. Rangi itangoja. Wazee wa kazi wapite kwake Jumamosi asubuhi na nusu ya pesa mkononi, ili Jumatatu binti aingie darasani.

Amina.