Je, Kupamba Gari ni Dhambi?



Wapendwa vijana wenzangu, wiki hii nina swali nililoulizwa nje ya kanisa, pale tunapoegesha magari, muda mfupi baada ya Misa ya pili. Nililijibu papo hapo, na jibu lenyewe halikuwa baya. Ila kadiri siku zinavyokwenda naona nililijibu kama mtu anayewahi chai.

Aliyeuliza ni rafiki yangu, tunaimba naye besi kwenye kwaya ya vijana. Ana Subaru Impreza, mtumba wa Japani, na kwa miezi mingi alikuwa anadunduliza ili aivue boneti yake na kuiwekea ya kaboni. Mnaijua ile nyeusi yenye msuko kama wa mkeka, ambayo ukiisogelea juani inang'aa kwa ndani kana kwamba ina kina. Laki nane zilimtoka, na hapo fundi bado hajalipwa. Jumapili ile akaliegesha gari chini ya mwarobaini, vijana tukajaa. Mzee mmoja wa jumuiya yetu akapita, akaangalia, akauliza bei, akatikisa kichwa. "Mwanangu, hela hiyo ingepaka rangi kigango kizima." Akaenda zake. Rafiki yangu akanigeukia: "Wewe si ndiye unaandikaga mambo ya dini? Niambie ukweli, nimetenda dhambi?"

Nikamwambia gari si dhambi, dhambi iko moyoni. Akacheka, nikacheka, tukapiga picha.

Kwanza niitendee haki kaboni yenyewe, maana wengi wanaoisema hawajui ni kitu gani. Ni nyuzi nyembamba kuliko unywele, karibu mara kumi. Hutengenezwa kwa kuchoma nyuzi za plastiki maalumu kwenye joto linalozidi nyuzi 1,000 za Selsiasi, mahali pasipo na oksijeni, mpaka kinachobaki ni karibu kaboni tupu. Maelfu ya nyuzi hizo hukusanywa kuwa uzi mmoja, uzi husukwa kuwa kitambaa, kitambaa kikalowekwa resini na kukaushwa juu ya umbo. Chuma cha ujazo wa lita moja kina kama kilo 7.8. Alumini ya ujazo huohuo, kama kilo 2.7. Kaboni pamoja na resini yake, kama kilo 1.6 tu.

Mwaka 1981 timu ya McLaren iliingiza kwenye mashindano ya Formula 1 gari lililoitwa MP4/1, kazi ya mbunifu John Barnard, la kwanza mle kuwa na kiunzi cha kaboni. Kulikuwa na wasiwasi kwamba likigonga litasagika. Mwaka huohuo, kule Monza nchini Italia, dereva John Watson akagonga vibaya sana, injini ikachomoka na kubaki kando, yeye akatoka kwa miguu yake. Maneno yakapungua, na timu nyingine zikafuata.

Kwa hiyo mimi sioni ubaya kijana wa Dar es Salaam kukipenda kitu kama hicho. Ni akili ya watu, na akili ni zawadi. Sema tu tusidanganyane kuhusu uzito. Rafiki yangu alisema anataka gari liwe jepesi, na huku nyuma kwenye buti amebeba spika mbili ambazo mimi peke yangu siwezi kuzinyanyua.

Sasa ile hoja ya mzee wetu. Ni hoja nzito, lakini tuikamate kwa uangalifu, kwa sababu katika Injili kuna mtu aliyeisema kabla yake. Maria wa Bethania alipompaka Bwana miguu kwa marhamu ya nardo, Yuda ndiye aliyelalamika kwamba ingeuzwa dinari 300 wakapewa maskini. Yohane hakumwacha hivihivi, ametuambia sababu: Yuda alikuwa mwizi na ndiye aliyeshika mfuko (Yn 12). Simwiti mzee wetu mwizi, Mungu apishe mbali. Nasema tu kwamba hesabu ya maskini ni rahisi mno kuifanya kwa pesa ya mwingine. Lakini na sisi tusiikimbilie nardo kama kinga. Maria hakujipaka mwenyewe. Alimimina kwa ajili ya mwingine, na ndiyo maana nyumba nzima ilinukia.

Mtakatifu Thomas wa Akwino ameuliza swali la namna hii kuhusu mavazi na mapambo ya nje. Anasema ubaya haumo katika vitu vyenyewe, umo katika mtu anayevitumia bila kiasi. Anaangalia desturi za watu unaoishi nao, anaangalia na nia. Na jambo ambalo wengi hatulitegemei, anasema unaweza kukosea hata upande wa pili, kwa uzembe na kutojijali. Kwa hiyo na wewe mwenye gari ambalo halijaoshwa tangu Pasaka, usijione mnyenyekevu.

Kuna vijana wanapenda kunitajia ile Lamborghini nyeupe aliyopewa Papa Fransisko mwaka 2017. "Mbona aliibariki?" Ndiyo, aliibariki na kuitia saini. Halafu ikapigwa mnada kwa ajili ya matendo ya huruma. Kuendesha hakuendesha.

Mpaka hapo jibu langu la chini ya mwarobaini linasimama. Gari si dhambi. Tatizo ni kwamba kuna jambo nililiacha nje, na nililiacha kwa sababu linanihusu.

Siku boneti inafungwa nilikuwepo gereji. Fundi, mzee wa makamo asiye na maneno mengi, aliigeuza akaikagua kwa ndani, akatueleza. Boneti ya kiwandani, alisema, ina mbavu, na loki yake imeshika kwenye mwili wa boneti wenyewe. Imepangwa hadi namna itakavyojikunja gari likigongana. Hii mliyoleta ni nyepesi, na kile kichuma cha loki kimeshikwa na gundi na riveti mbili. Upepo ukipenya kwa chini kwenye mwendo mkali unaisukuma juu. Akashauri tufunge pini mbili kwa mbele, vile vyuma vinavyopita kwenye matundu ya boneti na kubanwa kwa klipu juu yake.

"Kwa hiyo unaitoboa?" rafiki yangu aliuliza, kama vile fundi amesema atamtoboa yeye. Akanitazama.

Nikasema, "Achana nazo bwana, zitaharibu muonekano."

Ni mimi niliyesema. Fundi akainua mabega, akaendelea na kazi. Pembeni kulikuwa na kijana wake, umri kama wa kidato cha nne, anapiga msasa kingo za boneti ili zikae sawa na taa. Hakuwa na barakoa. Vumbi lilikuwa limemkaa mpaka kwenye kope. Lile ni vumbi la resini na vipande vya nyuzi ambavyo havioneshi huruma kwa ngozi wala kwa mapafu. Tulimnunulia soda, tukajiona watu wema.

Wiki tatu baadaye rafiki yangu alikuwa anarudi kutoka Bagamoyo, na kiti cha mbele amekaa mdogo wake wa kike, yuko kidato cha pili. Mwendo kama 80. Boneti ikafunguka. Ilipaa yote kwa mara moja, ikapiga kioo cha mbele, na mbele pakawa peusi. Alikanyaga breki akichungulia kwenye kaupenyo kadogo chini, karibu na bawaba. Lori lililokuwa nyuma likamkwepa kwa honi ndefu. Hakuna aliyeumia. Binti alitoka na vijipande vya kioo mapajani, akakaa kando ya barabara bila kulia wala kuongea.

Nilipopigiwa simu nilikwenda na bodaboda. Usiku ule nikafungua Katekisimu, namba 2290, ambayo niliwahi kuisoma lakini sikuwahi kuiona. Pale Kanisa linasema kwamba anayehatarisha usalama wake na wa wengine barabarani, kwa ulevi au kwa kupenda mwendo mkali, ana hatia kubwa. Kilichonigusa ni mahali namba hiyo ilipowekwa. Haipo penye majivuno. Iko chini ya Amri ya Tano, Usiue. Na mwaka 2007 Baraza la Kipapa lililoshughulikia wahamiaji na wasafiri lilitoa mwongozo wa uchungaji wa barabarani wenye amri kumi za madereva, na moja inatuonya tusilifanye gari kuwa chombo cha kuonyesha ubabe. Nilikuwa nasaka dhambi kwenye mapambo, kwenye bei, kwenye moyo wa rafiki yangu. Ilikuwa kwenye matundu mawili ambayo hatukuyatoboa.

Utaniambia sikujua. Nilijua. Fundi alisema kwa Kiswahili fasaha na mimi nikasikia.

Basi, boneti ilivunjika pembeni, na kwenye mvunjiko ule ikaonekana nyeupe. Ilikuwa faiba ya kawaida, ile inayotengenezea boti, imevikwa kitambaa kimoja cha kaboni juu na klia. Muuzaji alikuwa ameapa kwamba ni kaboni tupu. Niseme hapa kwamba sina ugomvi na faiba, wala na ile stika ya laki moja yenye picha ya msuko wa kaboni. Anayeiona anajua ni stika, kama anavyojua ua la kwenye kanga halinukii. Uongo unaanza pale mtu anapouliza na wewe ukajibu.

Na mtu akauliza. Kijana mmoja wa Subaru vilevile aliona picha ya ajali, akapiga simu: anaitaka boneti hivyohivyo, ataiziba mwenyewe, atatoa laki tatu, mradi ni kaboni kweli. Rafiki yangu akanipigia saa tano usiku. "Nimwambie? Mbona mimi sikuambiwa? Hasara yangu nani ananirudishia?"

Safari hii sikujibu haraka. Ukweli ni kwamba kilio chake kina haki ndani yake. Alidanganywa, na laki nane ni jasho. Ila nikajiuliza, huyo muuzaji wake naye pengine aliuziwa hivyohivyo, na aliyemuuzia naye vilevile. Kila mmoja kwenye mlolongo ule anaweza kusema kwa haki kabisa kwamba hata yeye hakuambiwa. Uongo unasafiri hivyo, unabebwa na watu waliokosewa. Na mwisho wa mlolongo kuna kijana atakayefunga boneti iliyokwishapasuka, akiamini ni kitu kilekile kilichomwokoa Watson, na huenda naye akamuuliza rafiki yake kuhusu pini.

Tulinyamaza kwenye simu muda mrefu. Nikamwambia na mimi nitachangia kioo, kwa sababu neno la gereji lilikuwa langu. Hakubishana.

Alimwambia yule kijana ukweli, akamtumia na picha ya mvunjiko. Laki tatu zikawa elfu themanini, na akaandika kwenye risiti kwa mkono: faiba, si kaboni, ifungwe na pini. Sasa Impreza ni ya bluu na boneti ni ya mtumba, nyeupe, mpaka itakapopatikana hela ya rangi. Mzee wetu alipoiona Jumapili akauliza kama huo ndio mtindo mpya.

Mimi nilirudi gereji na boksi la barakoa. Yule kijana hakuwepo, wakasema ameacha kazi, hawajui yuko wapi. Nikamwachia fundi.

Mdogo wake rafiki yangu bado anapanda lile gari kwenda mazoezi ya kwaya. Kabla ya kuingia huzunguka mbele, hukandamiza boneti kwa viganja vyote viwili, mara mbili, halafu huja kukaa kiti cha nyuma. Hatuangalii, si mimi wala kaka yake.