Faranga Moja kwa Mwaka, Milele

Tarehe 15 Machi 1921, mjini London, Uingereza na Ubelgiji zilitia saini mkataba uliohusu, pamoja na mengine, kipande cha ardhi ufukweni Kigoma na kingine bandarini Dar es Salaam. Wabelgiji walikodishwa maeneo hayo kwa faranga moja kwa mwaka. Muda wa kukodi ukaandikwa kuwa ni wa milele. Hakuna Muha, Mjiji wala Mmanyema aliyeulizwa, na sidhani kama kuna aliyewaza kumuuliza.

Sababu za Wabelgiji zinaeleweka. Majeshi yao yaliingia Kigoma Julai 1916, siku zilezile Wajerumani walipoizamisha meli yao Graf von Götzen ili isitekwe. Ndiyo iliyokuja kuibuliwa na Waingereza ikaitwa Liemba. Wabelgiji wakautawala mji karibu miaka mitano. Walipotakiwa kuukabidhi hawakutaka kuondoka mikono mitupu, kwa kuwa shehena ya Kongo ilivuka Ziwa Tanganyika kutoka Albertville, Kalemie ya leo, ikapakiwa Kigoma kwenye Reli ya Kati na kwenda kilomita zipatazo 1,250 hadi baharini. Kwamba mwenye shehena anahitaji gati na ghala, hilo halina ubishi. Linalonishughulisha ni ile milele. Mtu anaipata wapi haki ya kuahidi kwa muda usio na mwisho, na ahadi hiyo inamfunga nani baada yake?

Mwishoni mwa Novemba 1961, siku chache kabla ya uhuru, Julius Nyerere aliyekuwa Waziri Mkuu alilijibu swali hilo bungeni. Alisema Uingereza yenyewe ilikuwa Tanganyika kwa muda wenye kikomo. Isingeweza kumpa mwingine haki isiyo na kikomo. Ardhi ya nchi huru haiwezi kufungwa milele na mtu ambaye mwenyewe alikuwa mpitaji. Tarehe zinampa nguvu kuliko hata alivyohitaji: Shirikisho la Mataifa liliidhinisha udhamini wa Uingereza juu ya Tanganyika Julai 1922, zaidi ya mwaka mmoja baada ya milele kuwa imekwisha kutiwa saini.

Hoja hii ingeeleweka Ujiji, mji jirani wa Kigoma, bila kuhitaji mwanasheria wa London. Mji ule umeishi na sheria ya mirathi ya Kiislamu tangu enzi za misafara ya pembe za ndovu, na katika sheria hiyo mlezi wa yatima anajua mipaka yake. Anaweza kulitunza shamba la mtoto, kuipangisha nyumba yake na kutumia kodi kumlea. Kuitoa nyumba hiyo kwa rafiki yake kwa senti moja, hadi kiama, hawezi. Mtoto akifika utu uzima na kuitaka nyumba, hatuiti kuvunja ahadi, kwa sababu hapakuwa na ahadi yake. Udhamini wa Shirikisho la Mataifa nao ulijieleza kwa lugha ya amana, tena amana takatifu. Walioandika maneno hayo walijifunga wenyewe.

Lakini Ujiji hiyohiyo inatukumbusha kwamba milele peke yake si kosa. Mtu anapoweka shamba wakfu kwa msikiti, anaamua juu ya vizazi asivyovijua, nasi tunaona ni wema. Hakuna mjukuu mwenye haya anayedai wakfu ni batili kwa kuwa babu amekwisha kufa. Tofauti iko kwa mtoaji: alitoa chake. Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wanaosema kila taifa jipya linazaliwa bila deni, kana kwamba upya wenyewe ni msamaha.

Wamarekani walilizungumza jambo hili mapema. Tarehe 6 Septemba 1789 Thomas Jefferson, akiwa Paris, alimwandikia James Madison kwamba dunia ni ya walio hai, na wafu hawana mamlaka juu yake. Akapiga hesabu kwa majedwali ya vifo, akapata miaka 19: baada ya hapo kila sheria na kila deni life pamoja na kizazi kilichoviweka. Madison alimjibu mwaka uliofuata kwa upole, ila jibu lake ni zito. Wafu hutuachia pia vitu vizuri, na anayefaidi kazi yao ana wajibu fulani kwa gharama yake.

Pingamizi la Madison linatugusa sisi wa mwambao wa ziwa. Tuliikataa faranga ya Wabelgiji, lakini reli iliyofika Kigoma mwaka 1914 tuliibakiza, na Liemba tuliipanda kwa miongo mingi. Je, ni haki kuchukua mali na kuacha masharti? Kwa reli naona jibu: tuta lake lilijengwa kwa mikono ya watu wa nchi hii, wengi wao wakiwa na chaguo dogo sana, na kodi zao ziliiendesha. Kuirithi ni kupokea walichokwisha kukilipia. Kwa meli jibu langu ni dhaifu zaidi, nami nakiri hivyo.

Nyerere hakufuata njia ya Jefferson. Desemba 1961 Tanganyika iliutangazia Umoja wa Mataifa kwamba mikataba ya nchi mbilimbili iliyowekwa na Uingereza kwa niaba yake itaendelea kutumika kwa miaka miwili, ikiwa upande wa pili nao utaitumia. Ndani ya muda huo kila mmoja ungetazamwa: wa kuendelezwa uendelezwe, wa kurekebishwa urekebishwe, na usiofanyiwa lolote ukome, isipokuwa ile ambayo sheria ya kimataifa ya desturi inailinda. Wanasheria wa dunia wameuita msimamo huo kwa jina la Nyerere. Mimi unanivutia kwa adabu yake. Anayerithi anakaa chini na karatasi za marehemu, anazisoma moja moja, anawaita wanaomdai, anawasikiliza. Burundi na Kongo hazikufungiwa njia; shehena yao inapita Kigoma hadi leo. Kilichokataliwa ni umiliki usio na mwisho.

Hapo ndipo nilipopata kipimo nilichokuwa nakitafuta. Ahadi ya kale inapimwa kwa nani anaitegemea leo, na kwa kuangalia kama aliyeitoa alitoa chake. Novemba 1794, huko Canandaigua, serikali ya George Washington iliweka mkataba na mataifa sita ya wenyeji wa asili, Haudenosaunee, ikitambua ardhi yao na kuahidi kwamba haitaidai kamwe. Kila upande uliahidi kilicho chake. Marekani bado inawapelekea kitambaa kila mwaka, kama mkataba unavyotaka. Ardhi ni habari nyingine. Mwaka 1961, mwaka uleule wa Nyerere bungeni, Rais John F. Kennedy alikataa ombi la Waseneka, mojawapo ya mataifa hayo sita, la kusimamisha bwawa la Kinzua, na takribani ekari 10,000 za ardhi yao zikachukuliwa. Milele iliyomlinda mnyonge ilivunjwa na mwenye nguvu. Kitambaa kikaendelea kufika. Yeyote anayetumia mfano wa Kigoma kuhalalisha uvunjaji kama huo hajauelewa mfano wa Kigoma.

Kipimo hicho kinakutana na mtihani wake mgumu katikati ya ziwa. Mipaka nayo iliamuliwa Ulaya bila kutuuliza. Muha na Mrundi huelewana bila mkalimani, na mstari wa wakoloni ukapita kati yao. Hata hivyo ni Nyerere aliyetoa hoja kwenye mkutano wa wakuu wa nchi za Afrika mjini Cairo, Julai 1964, kwamba nchi za Afrika ziheshimu mipaka zilizoikuta siku ya uhuru. Wapo wanaoona hapo ukigeugeu: mkataba wa wakoloni ukataliwe, mstari wa wakoloni uheshimiwe. Mimi sioni hivyo. Faranga moja haikuwa tegemeo la maisha ya mtu. Mpaka ulikuwa na watu pande zote mbili wanaouegemea, na kuusogeza kungewagharimu damu. Kwa aliyekimbia Burundi mwaka 1972, au Kongo mwaka 1996 akapokelewa Nyarugusu, mstari huohuo usio na baba halali ulimsimamishia nyuma yake mtu mwenye bunduki.

Kipimo hiki kinatugeukia na sisi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema ardhi yote ya Tanzania Bara iko mikononi mwa Rais kama mdhamini wa raia wote, na hati huweza kutolewa kwa hadi miaka 99. Udhamini, tena. Anayetia saini leo kwa ajili ya gati, mgodi au shamba ufukweni Kigoma anatoa kitu cha watoto ambao hawajazaliwa, na miaka 99 kwa binadamu haiko mbali sana na milele ya mwaka 1921. Watoto hao wana haki ya kuyatazama makaratasi yetu kama Tanganyika ilivyoyatazama ya Waingereza: kuuliza kama tulitoa kilicho chetu kutoa, kwa bei gani, na nani aliulizwa.